Kuwaongoza Watu Katika Mabadiliko ya Kilimo: Tuliyojifunza Kihambani

(Mada iliyotolewa katika Juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Awali ya yote, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Kamati ya Jubilei iliniagiza nizungumze juu ya Kanisa na kilimo. Nimeona vema nisilete sifa tupu, bali nieleze jambo nililojifunza kwa uchungu nilipokuwa mchungaji wenu.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, na katika miongo iliyofuata Injili na kahawa vilikua pamoja katika vihamba vya Kilimanjaro. Wakulima wetu waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kahawa ililipa ada, ikaezeka nyumba, ikajenga makanisa. Lakini mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya mauzo ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Mibuni yetu ya zamani ilikuwa ikishambuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na gharama ya dawa ikawashinda wengi. Ndipo mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilipotoa aina mpya zinazostahimili magonjwa hayo mawili.

Nilipopata habari hizo nilifurahi, na furaha yangu ikatangulia busara. Jumapili moja nilisoma mfano wa mtini usiozaa, katika Luka sura ya 13. Nikakazia amri ya mwenye shamba, kwamba ukatwe. Nikawaambia wana usharika wang'oe mibuni mizee na kupanda mipya. Wote waliitikia, "Amina." Wakaenda nyumbani, na karibu wote hawakufanya lolote. Moyoni mwangu nikawahesabu kuwa wagumu.

Mama mmoja mjane alinisubiri nje ya kanisa. Akasema, "Baba Mchungaji, mbuni mpya huanza kuzaa vema mwaka wa tatu. Mwanangu yupo kidato cha kwanza. Ada ya miaka hiyo italipwa na nani?" Nilimjibu kwamba Mungu atatoa. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini halikuwa langu kulitoa kabla sijaketi naye kuhesabu.

Lakini mzee mmoja, msikivu wa Neno, alinitii. Aling'oa mibuni yake yote ndani ya juma moja. Miche mipya ilikuwa michache, akapata sehemu ndogo tu ya aliyohitaji. Mvua za vuli mwaka ule hazikuwa za kutosha, na hata ile michache ikakauka. Binti yake alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada. Ilipofika sadaka ya mavuno, mzee yule alikuja na mkungu mmoja wa ndizi. Hakunilaumu. Aliniomba radhi kwamba safari hii hana kahawa.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwake kuomba msamaha, kisha nikausoma tena mfano ule. Nikaona kwamba nilikuwa nimemruka mtunza shamba. Yeye aliomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia mti na kuutia samadi. Alijitwika kazi ya muda wa kungoja. Mimi nilitoa amri, na muda wa kungoja nikawaachia wengine.

Tangu hapo tulibadili njia. Kwanza, tuliondoa jambo hili mimbarani, tukalipeleka mitaani, watu wakae na kuulizana. Tuliwaita na akina mama. Kwa desturi yetu fedha ya kahawa ni ya baba, na ndizi na maziwa ni vya mama. Lakini samadi hubebwa na nani, na kahawa huchumwa na nani? Wao ndio waliosema kwamba mibuni isiondolewe yote mara moja.

Pili, kila nyumba ilibadili safu chache kwa mwaka. Mibuni iliyobaki ilipogolewa na kutiwa samadi, iendelee kuleta ada hadi mipya ianze kuzaa.

Tatu, tulianza na shamba la usharika na shamba langu mwenyewe. Tuliotesha miche kwa vikonyo kutoka bustani mama, na tukakosea humo kwanza. Mche ukifa katika shamba la Kanisa, hakuna mtoto anayefukuzwa shule. Majirani walipoona matunda yasiyoharibiwa na chulebuni, hawakuhitaji mahubiri.

Wapo waliokataa kabisa. Wengine walikuwa na kihamba kidogo mno, wakachagua ndizi na ng'ombe wa maziwa, na wengi wao walichagua sawasawa. Kukataa ushauri wa kilimo si kukosa imani.

Yule mzee alipanda upya, safu mbili kila mwaka. Binti alirudi shule, akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Mwaka ule siwezi kumrudishia.

Nayasema haya kwa ajili ya wachungaji vijana. Misimu ya mvua haitabiriki kama zamani, na ushauri mpya utakuja tena; mwingine utakuwa mwema. Mtakapoupokea, msiulize tu kama ni wa kweli. Ulizeni nani atabeba hasara ukichelewa kuzaa, kisha mwende mkabebe pamoja naye.

Mungu aubariki usharika wetu katika miaka 100 mingine. Amina.