Bosi Mnoko na Msafara wa Bagamoyo

Wengi wenu mnakwenda kazini mkimuwaza mtu mmoja: bosi mnoko, au yule mwenzenu anayepeleka majungu kwa mkubwa kila jioni. Ushauri mnaopewa mnaujua: vumilia mwanangu, ndiyo riziki hiyo. Leo nataka kuupinga, na ushahidi wangu nautoa kwenye njia ya misafara iliyoanzia hapa hapa pwani kwetu Bagamoyo.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka Kaole kwenda kutafuta maziwa ya bara. Waliuguzana njiani, huyu macho yamegoma, yule miguu haimbebi. Huku kila mmoja akiweka lake moyoni. Mwaka 1858 Burton alibaki Tabora, Speke akaenda kaskazini na kuliona ziwa aliloliita Victoria. Akarudi akidai kwamba Nile inaanzia pale. Burton hakukubali. Wakafanya nini? Wakaacha kulizungumza. Wakatembea miezi mpaka pwani, wanasalimiana, wanakula, na jambo lenyewe halitajwi. Maofisi mangapi yako hivyo! Bifu lililipuka walipofika kwao, kwenye magazeti na vitabu. Septemba 1864 walipangiwa kujadiliana hadharani mjini Bath. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Sasa waangalieni wapagazi wa msafara huo huo. Mtu amebeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini, begani au kichwani. Kibaba cha posho kikipunguzwa, au bwana akitaka mwendo usio na maji mbele, mizigo inatuliwa chini. Yote, kwa pamoja. Hakuna anayekwenda hemani peke yake kunung'unika. Anakwenda mnyampara na maneno ya wote. Burton amejaza kurasa akiwaita wavivu na wakaidi. Mimi nikizisoma naona watu wanaojua kazi yao na bei yake.

Katikati ya mabwana na wapagazi alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi mtu huru. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Walizungumza Kihindustani, kwa hiyo Bombay ndiye aliyekuwa mdomo wake. Katika safari iliyofuata, ile ya 1860, Bombay alikuwa pia na hasimu wa kazi, Baraka, wakigombea ukubwa mbele ya bwana. Siku moja Bombay na Speke walibishana kuhusu hema, na Speke akampiga ngumi. Speke mwenyewe ameandika habari hiyo, akijitetea kwamba ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Bombay akaondoka. Baadaye akarudi kazini, na Speke akampokea.

Msafiri mwingine, Stanley, alipokuja kuunda msafara wake Bagamoyo mwaka 1871, Bombay akawa mkubwa wa askari wake, na huko pia bakora ilimpata. Mwaka 1873 akaondoka tena, na msafiri aliyeitwa Cameron, wakalivuka bara mpaka Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kijiografia cha London kikampa pensheni.

Wapo watakaomsifu Bombay kwa uvumilivu. Mimi simsifu kwa kupigwa, na simwoni mnyonge. Kilichomsimamisha ni kwamba kila safari ilikuwa na mapatano yake na mwisho wake, naye alikuwa na ujuzi ambao bwana hakuweza kuupata kirahisi kwa mwingine. Ila si kila mtu ni Bombay. Dada anayefagia vyumba vya hoteli ufukweni, kijana anayepakia chumvi, hao mabosi wanawaona kama watu wa kubadilishwa kesho. Kwao njia ya wapagazi ndiyo inayofaa: mapatano kabla ya kubeba mzigo, na kusema mapema, mkiwa wengi.

Mapatano hayo leo yana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Hivyo bosi anapokupa kazi ya watu watatu huku anakufokea, ulizia karatasi, kwa adabu, ukiwa na mwenzako pembeni. Mkishindwana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wanaiita CMA. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri lake. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Na siku hizo zinahesabiwa tangu jambo lilipotokea. Ukikaa nyumbani ukingoja bosi hasira zimwishe akuite mwenyewe, mwezi unakatika, na utaanza kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa.