Waifai Katika Nyumba za Mawe

Nyumba za mawe za Unguja, kama zile za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, zilijengwa na watu waliotaka kuzuia mambo mawili, jua la mchana na macho ya wapita njia. Na kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, katika kuta ambazo unene wake aghalabu hukaribia nusu mita, waliyazuia yote mawili barabara, na pasipo kukusudia wakazuia na la tatu ambalo zama zao halikuwako, nalo ni mawimbi ya waifai. Ndiyo maana mwenye nyumba wa leo, aliyelipia faiba yenye kasi ya kumtosha yeye na wajukuu, huona mambo yakimwendea vyema ukumbini ilipo rauta, walakini akipanda ghorofani au akivuka ua kwenda jikoni hubaki akikodolea macho duara linalozunguka, huku akimlaumu aliyemuuzia huduma, ilhali huyo, kwa leo, hana taksiri.

Wapo watakaomshauri anunue rauta yenye nguvu zaidi, iliyochomoza antena pande zote, na rai yangu ni kwamba hizo ni fedha za kutupa. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili, na simu, kwa udogo wa betri yake na antena yake, haiwezi kujibu kwa nguvu ile ile inayosemezwa. Mwadhini mwenye kipaza sauti juu ya mnara husikika hadi mtaa wa tatu, lakini yeye hasikii analoambiwa na bibi aliye uani kwake. Na rauta iliyozidishiwa nguvu huwa katika hali hiyo hiyo, kioo cha simu kikaonesha vistari vyote hali ujumbe hauendi.

Lililo sawa ni kuweka vituo kadhaa vya kurushia mawimbi, kila kimoja kwa upande wake wa nyumba, na vyote viunganishwe na rauta kwa kebo. Kebo ya kawaida ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, umbali ambao ni nadra nyumba ya mtu kuufikia. Wanaochukia kebo hukimbilia ripita, nami nawaelewa. Ila ripita yenye redio moja hupokea na kurusha katika chaneli ile ile, kila neno likalazimika kusemwa mara mbili, na kasi ikapungua takriban nusu. Ni kweli kwamba Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta zake si za kutobolewa na kila mwenye tindo. Bahati njema, nyingi katika nyumba hizo zina ua wa kati ulio wazi hadi juu, ambamo kebo inayostahimili jua na mvua yaweza kupandishwa kandokando ya bomba bila ya kugusa uso wa nje, na kituo kikitundikwa katika ushoroba unaotazama ua, mawimbi huingia vyumbani kwa kupitia milangoni.

Vituo vyote vipewe jina moja la mtandao, neno la siri moja na aina moja ya ulinzi, na kazi ya kugawa anwani iachiwe rauta peke yake. Hapa ndipo wengi huharibikiwa: huichukua rauta ya zamani, wakaichomeka ghorofani kama ilivyo, nayo ikaendelea kugawa anwani zake, basi nyumba moja ikawa na mitandao miwili, na simu ikivuka kizingiti hubadilishiwa anwani na maongezi yakakatika. Katika masafa ya gigahezi 2.4 vituo vigawane chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Ama gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi, na ingawa hudhoofika upesi mbele ya jiwe, ukuta uliokuwa adui sasa unafaa kuwa mpaka baina ya kituo na kituo.

Lililobaki ndilo lisilofahamika. Anayeamua kuhama kutoka kituo hiki kwenda kile ni simu yenyewe, wala si vituo. iPhone, kwa maelezo ya Apple wenyewe, haianzi kutafuta kituo kingine mpaka nguvu ya mawimbi ishuke kufikia hasi 70 kwa kipimo cha desibeli-miliwati. Kabla ya hapo itang'ang'ania cha chini hata kama cha juu ki karibu na kichwa cha mwenyewe. Kanuni ziitwazo 802.11k na 802.11v huipa simu orodha ya majirani na nasaha ya kuhama, na 802.11r, ya mwaka 2008, huufupisha mwafaka wa funguo za siri ili sauti isikatike. Walakini nasaha si amri, na hiyo ya mwisho huenda ikavifanya baadhi ya vyombo vya zamani vishindwe kujiunga, na hapo ni afadhali izimwe. Kwa hiyo mwenye nyumba apige simu kwa waifai, atembee polepole tangu dakani hadi darini, na pale sauti inapokwaruza, kabla ya kwenda dukani, akipunguze nguvu kituo alichokwisha kukipita, bila ya kuacha pengo kati ya viwili, kisha atembee tena. Ama televisheni, ambayo haina safari yoyote humo nyumbani, ipewe kebo yake na kuwapisha wanaotembea.