Pire ya viazi kwa mgonjwa wa rejime: kwanza uliza ni rejime gani

*Maneno haya yalisemwa na mama mmoja wa kamati yetu ya kutembelea wagonjwa, kwenye mkutano wa mwezi hapa Kamatanda. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumefupisha kidogo tu.*

Mwenyekiti ameniambia niseme kidogo juu ya chakula cha wagonjwa. Mimi si munganga. Mimi ni mtu wa mbabula na sufuria. Lakini kuna kosa nililolifanya nyumbani kwangu, na ninaona chama chetu kinalifanya pia, kwa mapendo mazuri kabisa. Ndiyo sababu nimekubali kusimama.

Munamjua Yaya, mkubwa wangu wa tumbo moja. Amekaa pale mbele, na amenipa ruhusa ya kusema habari zake. Yaya ana tansio tangu zamani, tangu tulipokuwa kambini Zambia. Tuliporudi, tansio ikarudi naye. Halafu miguu ikaanza kuvimba. Tukaenda hospitali, wakapima damu, wakasema mafigo yamechoka. Wakatuandikia karatasi kwa Kifaransa: rejime, chumvi kidogo, potasiamu kidogo.

Neno la chumvi nililielewa. Lile lingine nililipita. Nilifikiri ni jina la dawa.

Basi nikaanza kazi. Chumvi nikaiondoa. Makayabu nikaikataza. Kube za mchuzi, zile munazovunja kwenye sombe, nikazificha, kwa sababu sehemu kubwa ya kube ni chumvi tupu. Yaya akanyamaza siku tatu. Siku ya nne akasema: «Wewe dada, hii chakula iko kama karatasi.» Nikamhurumia. Nikapata dukani chumvi ya rejime, kwenye kikopo kizuri, imeandikwa haina sodiamu. Nikaitia. Na kwa sababu bukari ilikuwa inamshinda, nikampikia pire ya viazi kila siku. Nikaiponda pamoja na maji yake yaliyoichemsha, nikaongeza avoka na maziwa ya unga mengi, iwe laini na impe nguvu. Yaya alikula vizuri. Mimi nikafurahi.

Tuliporudi kupima damu, munganga alitazama karatasi, akaniuliza: «Mama, huyu mzee anakula nini?» Nikamwambia yote, na kifua mbele. Akakaa kimya kidogo, kisha akanieleza. Ile chumvi ya rejime, mahali pa sodiamu wameweka potasiamu. Viazi vina potasiamu mingi, avoka pia, maziwa ya unga pia. Mafigo mazima yanatoa ile inayozidi, inatoka na mkojo. Mafigo yaliyochoka yanaiacha kwenye damu, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Tena mara nyingi mgonjwa hasikii kitu. Hakuna maumivu, hakuna homa.

Yaya aliponea pale. Siku ile njiani hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Kwa hiyo pire nayo imekwisha?» Ile swali iliniuma kuliko matusi. Nikaanza kuuliza watu: munganga, wauguzi, mtoto wangu anayesoma Lubumbashi. Nikajifunza kwamba pire haijakwisha. Inapikwa kwa njia nyingine. Nitawaambia jinsi ninavyoipika.

Kwanza viazi. Chagua viazi vikavu, vile vikiiva vinapasuka na kutoa unga. Vyenye maji havitoi pire nzuri. Kiazi chenye rangi ya kijani kiache, na macho yaliyochipuka uyatoe yote, maana mle mna sumu. Hiyo ni kwa kila mtu, mgonjwa na mzima.

Menya maganda yote. Kisha kata vipande vidogo, kama kidole gumba au chini ya hapo. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Gramu 100 za kiazi kibichi zina karibu miligramu 400 za potasiamu, na ile potasiamu inatoka na kuingia kwenye maji wakati wa kuchemka. Kipande kikiwa kidogo, inatoka zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima jambo hili: viazi vilivyokatwa vipande na kuchemshwa vilipoteza karibu nusu ya potasiamu, vilivyokunwa vyembamba vikachemshwa, karibu robo tatu. Na kuloweka usiku kucha kwenye maji baridi, bila kuchemsha kwa maji mengi? Karibu bure. Ninasema hivyo kwa sababu wamama wengi hapa wanaloweka, halafu wanapika kwa maji kidogo na wanafikiri wamemaliza kazi. Moto na maji mengi ndivyo vinavyofanya kazi.

Kwa kilo 1 ya viazi mimi ninaweka lita 4 au 5 za maji. Ndiyo, ninajua. Ninasikia munaguna. Sisi wa Kamatanda tunajua bei ya makala na uzito wa bidoo kichwani. Na sisi tuliokaa Kala, Mwange na Meheba tulifundishwa na njaa kutomwaga kitu. Kambini tulipata unga, maharagwe, mafuta na chumvi, na maji ya maharagwe yalikuwa ni mchuzi. Mkono wangu wenyewe ulikataa kumwaga siku ya kwanza. Lakini sikilizeni: yale maji si lazima yaende kwenye mfereji. Kwa mtu mwenye mafigo mazima ni maji mazuri. Ninayatia kwenye mchuzi wa watoto. Ila sufuria ya watoto na sahani ya Yaya haziingiliani tena.

Maji yakichemka kwa nguvu, tia viazi. Vikichemka dakika kumi, chuja maji yote. Weka maji mengine ya moto, uyawe tayari nayo pembeni, na upike mpaka kisu kiingie bila kusukuma. Chuja tena. Usitie chumvi ndani ya maji.

Sasa laini. Watu wanafikiri laini inatoka kwenye maziwa. Inatoka kwenye mkono. Viazi vikisha kuchujwa, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo, dakika moja tu, utikise, mvuke utoke. Vikauke kidogo. Halafu viponde palepale vikingali moto, kwa uma au kwa mwiko. Kama mgonjwa hana meno au anapata shida ya kumeza, visukume kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Usivitwange kwenye kinu, na usivizungushe sana. Ukitwanga, ule unga wa ndani unapasuka na pire inavuta kama gundi ya fundi viatu. Nilifanya hivyo mara moja. Yaya anakumbuka.

Mafuta yanatangulia, maji yanafuata. Pasha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia na kitunguu saumu kilichopondwa, moto mdogo, kisiungue. Mimina yale mafuta kwenye viazi, changanya. Kisha ongeza maji safi ya moto, kidogo kidogo, mpaka iwe laini unavyotaka. Maji safi, si yale uliyochemshia! Kama munganga amekubali maziwa, weka kijiko kimoja au viwili, si kikombe. Majarini nyingi zina chumvi, soma kwanza kwenye mkebe. Mwisho kabisa, matone machache ya ndimu. Ndimu inadanganya ulimi, unafikiri kuna chumvi. Pilipili kidogo kwa anayeipenda.

Na pire hii haili pamoja na bukari. Inakaa mahali pa bukari. Mwenye ugonjwa wa sukari azingatie zaidi, kwa sababu kiazi kilichopondwa kinapandisha sukari haraka. Sahani ndogo, na munganga wake aseme kiasi.

Sasa ninakuja kwenye jambo la chama.

Kuna rejime na rejime. Mtu mwenye tansio lakini mafigo yake mazima, adui yake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo umehesabu ile iliyo ndani ya mkate, makayabu na kube. Mtu huyo potasiamu ya viazi haimdhuru, hata inamsaidia. Anaweza kula pire iliyopondwa kwa maji yake, na avoka juu. Asianze kumwaga maji kwa sababu amenisikia mimi leo. Lakini mtu wa mafigo, sahani hiyohiyo inaweza kumuua. Ukisimama mlangoni huwezi kuwatofautisha. Wote wawili watakuambia: «Niko kwenye rejime.»

Na sisi tunaenda kuwatembelea na kikapu kimoja kwa wote. Tangu tulipoanza chama hiki, kikapu cha mgonjwa kina chumvi, kube, maharagwe, ndizi, na wakati franka zinaruhusu, maziwa ya unga. Ni kikapu cha mapendo. Kinafanana na ile rasheni ya kambi, na ninafikiri ndiyo sababu hatujawahi kukiuliza swali. Kule walitupa wote kitu kimoja, tukapanga mstari, tukashukuru. Hapa hatuko kwenye mstari tena. Tunajuana kwa majina.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. La kwanza, kabla ya kununua, mmoja wetu apite kwa familia aulize: munganga alikataza nini? Kama kuna karatasi, tuisome yote, na neno tusilolijua tumpelekee anayelijua. Mimi nililipita neno moja tu. La pili, chumvi na kube zitoke kwenye kikapu, ziwekwe viazi, mafuta, kitunguu saumu na ndimu. La tatu, hakuna mtu kununulia mgonjwa chumvi ya rejime bila neno la munganga. Hata kama kikopo ni kizuri.

Ndiyo hivyo. Wamama wanaotaka kuona kwa macho, waje kwangu Jumamosi asubuhi, kila mmoja na viazi vyake viwili na kipande cha makala. Yaya ataonja. Amesema atasema ukweli.



*Baada ya maneno haya mkutano ulikubali ombi la kwanza na la tatu palepale. Juu ya kuondoa chumvi kwenye kikapu, wazee wawili walisema familia ya mgonjwa nayo inakula, na haiko kwenye rejime. Mama alijibu kwamba hilo ni kweli, na kwamba basi ziwe pakiti mbili, ya mgonjwa na ya nyumba. Mtunza hazina ataleta hesabu ya pakiti mbili mwezi ujao.*