Ufadhili wa Masomo ni Amana



Ndugu zangu viongozi wa walei,

Kila mwaka serikali za nchi tajiri hugharimia vijana wa mataifa mengine wakasomee huko shahada za juu. Mpango wa Jumuiya ya Madola uliasisiwa mwaka 1959. Uingereza ina pia ufadhili wa Chevening tangu 1983, na Ujerumani hufadhili kwa njia ya DAAD. Fedha hizo ni kodi za wananchi wao. Nasi tumechangia: hakuna afikaye shahada ya uzamili pasipo shule na walimu waliogharimiwa kwa jasho la wakulima wetu. Kwa hiyo ufadhili si mali ya mtu binafsi. Ni amana, nayo ina madai mawili.

La kwanza, habari ziwafikie wote. Kijana mwenye mjomba wizarani huzipata mapema. Mwalimu wa kijijini, mwenye akili ileile, huzipata muda wa maombi umekwisha kupita. Chevening hulipa karo, nauli na posho, wala haitozi ada ya maombi. Hudai shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka 2. Basi anayemdai kijana "chai" ili ampatie fomu anamwibia maskini.

La pili, msomi awatumikie watu wake. Chevening humtaka arudi kwao kwa miaka 2. Mwalimu Nyerere, alipohitimu Edinburgh mwaka 1952, alirejea akafundisha Pugu. Papa Paulo VI, katika waraka Populorum Progressio wa mwaka 1967, alisikitikia vijana wanaopata elimu bora ugenini huku wakipoteza tunu za kwao. Hata hivyo, tusimlaumu upesi abakiye huko. Arudiye akakuta kazi zinatolewa kwa kujuana, tunamdai deni tulilomnyima njia ya kulilipa. Haki inaidai serikali yetu pia.

Naomba kila parokia iteue mtu wa kufuatilia tarehe za maombi, kuzitangaza Jumapili na katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na kuwasaidia vijana wote, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kuandaa barua na vyeti. Katika mfano wa talanta, mtumishi hakulaumiwa kwa kupewa moja, bali kwa kuifukia. Habari tulizo nazo ni talanta. Tusizifukie.