Mbwa Mwenye Manyoya Marefu na Dawa ya Kondoo

Maneno haya yalisemwa na afisa wa mawasiliano ya umma wa kaunti mbele ya wakaazi waliokuja kuchanja mbwa wao. Tunayachapisha kwa sababu waliokuwa nyuma ya foleni walisema hawakusikia vizuri.

Najua mmeshika kamba na mbwa hawapendi kusimama, kwa hivyo sitawachosha. Mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu hapa kaunti ni kuandika na kutangaza. Nimeomba dakika hizi kwa sababu ya mbwa wa babangu, ambaye nilikaribia kumuua.

Anaitwa Sufu. Ni wa aina ya Old English Sheepdog, wale wenye manyoya marefu ya kijivu na meupe yanayofunika hadi macho. Asili yao ni Uingereza, ambako walisaidia kuswaga ng'ombe na kondoo kutoka mashambani hadi sokoni. Jirani yetu huko Kinangop alipohama, hakutaka kumfungia katika nyumba ya ghorofa Nairobi, basi akamwachia babangu mwenye kondoo. Baridi ya Kinangop haimsumbui hata kidogo. Usiku wa sakitu yeye hulala nje, nasi tumejifunika blanketi mbili.

Ukimfuga mbwa wa kuswaga, jua kwamba lazima aswage kitu. Kondoo wakiwa zizini, Sufu hukusanya kuku. Kuku wakiingia ndani, huwasukuma watoto kwa bega hadi wakae pamoja karibu na jikoni. Hawaumi. Lakini mtoto wa miaka mitatu akisukumwa na mbwa wa kilo zaidi ya 30 anaanguka, na wageni wetu hudhani ni ukali. Dawa yake ni kumpa kazi, au kutembea naye asubuhi na jioni.

Manyoya ndiyo shughuli kubwa. Sisi tumetenga Jumamosi mchana, na kwa mbwa mkubwa kama huyu inaweza kula saa mbili au tatu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchana juu juu. Alionekana nadhifu, kumbe chini, karibu na ngozi, manyoya yalikuwa yameshikamana vifundo vigumu kama mkeka. Ngozi chini ya vifundo haipati hewa, inaloa, inaoza, na mvua ndefu zikija ndipo unasikia harufu. Sasa tunagawa manyoya kwa mkono, fungu kwa fungu, hadi ngozi ionekane, kisha tunachana kuanzia hapo. Kwapani, nyuma ya masikio na katikati ya mapaja hatuparuki. Tunapekua pia kati ya vidole, kwa sababu mbegu za kishona nguo huingia hapo na kuchoma, na kupe hupenda hapo hapo. Kupe kwa mbwa mwenye manyoya mafupi unamwona. Kwa Sufu unamtafuta kwa ncha za vidole, kama anayechagua mawe kwenye maharagwe.

Watu hutuuliza mbona tusimnyoe kabisa. Vifundo vikizidi, kunyoa ni lazima, na ni huruma. Ila usifike kwenye ngozi, maana manyoya hayo humkinga na baridi na pia jua. Nywele za machoni babangu huzifunga kwa kamba ya sweta kuukuu. Wajukuu wanamcheka, mbwa anaona vizuri.

Sasa nifike kwenye kisa. Mwaka mmoja kupe walimzidi. Kijana mmoja jirani, anayejua kudunga kondoo, alikuwa na chupa ya ivamektini, ile dawa ya sindano ya minyoo na wadudu inayouzwa kila duka la agroveti. Akaniambia yeye hudunga mbwa wake na wako sawa. Nikamshikia Sufu mwenyewe. Akadunga mililita 1.

Chupa hiyo ni ya asilimia 1, maana yake kila mililita ina miligramu 10, na lebo inasema mililita 1 kwa ng'ombe ni ya kilo 50. Kwa hivyo kwa uzito wake Sufu alipata kingi kuliko ng'ombe. Siku iliyofuata alipepesuka kama mlevi. Udenda ukamtoka, mboni zikapanuka, akagonga ukuta. Ilipofika jioni hakuwa anaona, na miguu ilikuwa inatetemeka.

Daktari wa mifugo alitueleza kwamba baadhi ya mbwa wa jamii za kuchunga wana kasoro ya kurithi. Katika mbwa wengi kuna kinga inayozuia dawa hii isiingie kwenye ubongo. Katika hawa kinga hiyo haifanyi kazi, na hata kipimo kidogo kuliko cha ng'ombe huweza kuwadhuru. Hakuna sindano ya kuiondoa sumu hiyo. Tulimpa maji kwa utaratibu wa daktari, tukamgeuza usiku na mchana asipate vidonda, tukamfungia mahali pa giza. Alisimama siku ya tisa.

Mbwa wa jirani hakupata chochote, na hapo ndipo mtego ulipo. Huwezi kumjua kwa macho mwenye kasoro. Najua hapa wengi hawana mbwa wa aina ya Sufu, lakini naona German Shepherd kadhaa kwenye foleni, na machotara wao. Baadhi yao wanayo pia. Collie ndio wenye nayo zaidi. Na si sindano tu: mbwa anaweza kudhurika kwa kulamba dawa iliyomwagika, au kwa kula kinyesi cha mifugo waliopewa dawa hivi karibuni. Siku ya kuwapa kondoo dawa, Sufu hufungwa.

Zipo dawa za kupe na minyoo zilizotengenezewa mbwa. Leo maafisa wetu wako mezani, waulizeni kabla ya kununua. Na msiwape mbwa maini au mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji, kwa sababu tegu anayetoka humo hurudi kwetu kupitia kinyesi cha mbwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ya Sufu iko sawa, kadi yake ninayo hapa. Juu kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Asipewe ivamektini." Nakala nyingine nimeipigilia kwenye mlango wa zizi, kwa sababu nikiwa kazini anayebaki na mifugo ni kijana wa kuajiriwa, na vijana hubadilika.