Kuchimba Sarafu za Kidijitali na Kuzitoa Zawadi
Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi



Nitasema juu ya jambo linalozungumzwa sana na vijana wetu, yaani sarafu za kidijitali. Maswali yanayofika mezani kwa makatibu ni mawili hasa. Je, mwanachama aweza kuchimba sarafu hizo nyumbani kwake, kwa kujifurahisha na kujifunza? Na je, aweza kumpa mwanawe sarafu hizo ziwe zawadi? Nitayajibu kwa njia ambayo kila katibu anaijua, nayo ni daftari na hesabu.

Tuanze na daftari. Bitcoin ilianza tarehe 3 Januari 2009, na mwanzilishi wake alijiita Satoshi Nakamoto. Sarafu hiyo haishikiki kwa mkono. Ni maandishi katika leja. Leja ya chama hukaa kabatini kwa katibu, lakini leja hiyo imenakiliwa katika maelfu ya kompyuta, na yeyote aweza kuikagua. Kila baada ya dakika 10 hivi huongezwa ukurasa mmoja. Mashine hushindana kubahatisha namba inayotakiwa, na ile inayotangulia kuipata huandika ukurasa huo na kulipwa sarafu mpya. Mashindano hayo ndiyo yanayoitwa kuchimba. Hapo mwanzo malipo yalikuwa sarafu 50 kwa ukurasa. Hupunguzwa nusu kila baada ya miaka 4 hivi, na Aprili 2024 yalishuka hadi sarafu 3.125.

Mwaka 2009 kompyuta ya nyumbani ilitosha kwa kazi hiyo. Sasa haitoshi, hutumika mashine maalumu. Tuchukue mashine inayobahatisha mara trilioni 100 kwa sekunde na kula wati 3,250. Kwa saa 24 hutumia yuniti 78 za umeme, na kwa siku 30 yuniti 2,340. Kila mmoja atazidisha kwa bei iliyo katika risiti yake ya LUKU. Tukiweka shilingi 300 kwa yuniti, kwa mfano tu, umeme wa mwezi ni shilingi 702,000.

Na mapato je? Mwaka 2024 nguvu ya wachimbaji wote duniani ilipita ile ya mashine milioni 6 za namna hiyo. Kurasa za siku moja ni 144 hivi. Mwenye mashine moja, akichimba peke yake, angetazamia kushinda mara moja katika miaka 114. Ndiyo maana wachimbaji wadogo waliungana. Mwaka 2010 Marek Palatinus wa Ucheki alianzisha kundi la kwanza, ambamo kila mmoja huleta nguvu ya mashine yake na kupata fungu kwa kadiri ya mchango wake. Sisi wanaushirika hatuna haja ya kuelezwa busara ya jambo hilo. Lakini kundi hilo hugawa tu kile kilichopo. Kwa hesabu yetu, fungu la mashine moja ni sarafu 0.00225 kwa mwezi, kabla ya ada ya kundi. Ili fungu hilo lilipe umeme peke yake, sarafu moja sharti iuzwe kwa shilingi milioni 312. Bei ya mashine bado hatujaihesabu.

Wenye nafuu ni wale walio na umeme wao wenyewe usio na mnunuzi mwingine. Hifadhi ya Virunga huko Kongo, kwa mfano, ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa mradi wake. Mwanachama wetu hayuko katika hali hiyo. Akitaka kujifunza, na ajifunze kwa fedha ya ziada. Chama kisimkopeshe kununua mashine, kwa kuwa deni litabaki vilevile, ilhali bei ya sarafu, wingi wa washindani na kiwango cha malipo haviko mikononi mwake.

Sasa zawadi. Mwaka 2010 Gavin Andresen wa Marekani aligawa bure sarafu 5 kwa kila aliyeomba, ili watu wapate kujifunza. Kutoa ni rahisi. Kazi ni kuhakikisha kwamba zawadi imemfikia mwenyewe. Mali hii hulindwa kwa ufunguo wa siri, ambao mara nyingi huandikwa kwa maneno 12 au 24. Aliye na maneno hayo ndiye mwenye mali. Kwa hiyo, zingatieni haya:

Mosi, baba akimpa mtoto karatasi ya maneno huku amebaki na nakala, bado hajatoa. Mpokeaji atengeneze ufunguo wake mwenyewe, kisha atumiwe sarafu kwenye anwani yake.

Pili, kitumwe kwanza kiasi kidogo cha majaribio. Sarafu zikienda kwenye anwani isiyo sahihi, hakuna benki ya kuzirudisha.

Tatu, ada ya kutuma haifuati ukubwa wa kiasi. Zawadi ndogo yaweza kumezwa yote na ada.

Nne, maneno yaandikwe kwa kalamu na kuhifadhiwa mahali pawili, wala yasipigwe picha kwa simu. Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta, alilipwa sarafu 7,002 mwaka 2011 kwa kutengeneza filamu fupi. Alipoteza karatasi ya neno la siri, na hadi mwaka 2021 alikuwa hajaweza kuzifikia.

Tano, tarehe na bei ya siku hiyo ziandikwe. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari juu ya sarafu hizi Novemba 2019, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Mwenye kumbukumbu hatababaika akiulizwa.

Ndugu Makatibu, mwanachama akifariki, hisa zake chamani zimo katika rejista na warithi wake watazipata. Sarafu ambazo ufunguo wake haujulikani na mtu mwingine hupotea pamoja naye, na mjane hana ofisi ya kwendea. Basi atakapokuja mwanachama na swali hili, muulizeni kwanza mambo mawili: umeme wako ni shilingi ngapi kwa yuniti, na ni nani mwingine nyumbani ajuaye ufunguo ulipo? Akishindwa kuyajibu, mwambieni asubiri.