Kutengeneza na Kutia Rangi Viti vya Ngozi na vya Ngozi ya Bandia

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za viti vilivyovikwa ngozi, ambavyo kwa kukaliwa miaka mingi vimechakaa, rangi yake imepauka, au uso wake umepasuka. Watu wengi wakiona hali hiyo hukimbilia chupa ya mafuta au kopo la rangi. Sisi twawaomba mngoje kidogo. Kabla ya kupaka kitu cho chote, yapasa tujue kwanza ni ngozi ya namna gani iliyo mbele yetu, kwa maana dawa iifaayo ngozi moja huiharibu nyingine.

Twasema hivi kwa kuwa sisi wenyewe tulikosa. Tulikuwa ndugu watatu, na marehemu baba yetu alituachia kiti kikubwa cha mninga, kikalio chake na mgongo wake na mikono yake imevikwa ngozi ya ng'ombe ya rangi ya kahawia. Pale mikononi, palipokuwa pakilala viganja vyake kila alasiri, rangi ilikuwa imetoka kabisa, ngozi iking'aa kwa kushikwa. Hapo hatukupagusa. Lakini kikalio kilikuwa kikavu, nasi tukasema, "Ngozi hii ina njaa." Basi kila Ijumaa tukakipaka mafuta ya nazi. Mwanzo kilipendeza, nasi tukajisifu. Masika mawili yalipopita kikawa cheusi, chanata, kimeota ukungu, na harufu yake ni ya mafuta yaliyoharibika. Siku ya Idi ami yetu akakikalia na kanzu mpya. Alipoinuka, chapa ya kiti ilikuwa juu ya kanzu. Hakusema neno, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko kukemewa. Jioni ile ile tukachukua mafuta ya taa tukasugua kiti kizima kwa haraka ya kuficha aibu, na rangi ya mgongo ikatoka viraka viraka.

Tukakipeleka kwa mzee mmoja fundi wa makochi. Tulipokwisha kumwamkia na kumweleza, alikipapasa kiti, akanusa vidole vyake, akasema, "Wanangu, mmeilisha ngozi hii mpaka imevimbiwa." Mengi ya haya tutakayosema tulianza kuyajua siku ile.

Ngozi mbichi huoza, wala haifai kwa kiti mpaka itiwe dawa. Dawa ya kale ni maji ya magome ya miti. Pwani yetu ilijulikana zamani kwa magome ya mkoko, ambayo katika enzi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipakiwa vyombo katika mito ya Rufiji yakapelekwa ng'ambo kwa kazi hiyo, na nyanda za juu za Njombe na za Kenya zilipandwa miwati kwa ajili ya magome yake. Dawa ya pili ni chumvi za kromi, ambayo Augustus Schultz wa Marekani alipata hati yake mwaka 1884. Ngozi ya kromi hutengenezwa upesi zaidi, nayo ndiyo iliyo katika makochi mengi ya ngozi ya siku hizi. Aghalabu uso wake hupakwa rangi yenye gundi laini, na juu ya rangi tabaka nyembamba la kuikinga. Kwa hiyo mtu apakaye mafuta juu ya kochi la namna hii haifikii ngozi hata kidogo. Mafuta hukaa juu ya rangi, hushika vumbi, na mwishowe huilegeza. Lakini penye mpasuko, na penye ngozi isiyopakwa rangi ya juu, kama kikalio chetu, hunywewa, na kuyatoa ni taabu kubwa.

Ngozi ya bandia ni kitambaa kilichopakwa uso. Ya zamani ilipakwa selulosi ya naitreti. Namna moja yake, iitwayo Rexine, ilitengenezwa Hyde, karibu na Manchester katika Uingereza, na jina hilo likaenea hata mafundi wetu wakiona ngozi ya bandia yo yote husema reksini. Baadaye ikaja ya plastiki ya vinaili, kisha ya poliyurethani, ambayo ni laini na hushabihi ngozi sana. Tena iko ya nne, nayo ndiyo yenye hila: mabaki ya ngozi husagwa, yakabandikwa kwa gundi juu ya kitambaa, yakapakwa uso wa plastiki. Muuzaji akiiita ngozi hasemi uongo mtupu, wala hasemi kweli.

Mtu atazitambuaje? Geuza kiti, utafute ukingo chini, pale palipopigiliwa misumari. Ukiona nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpango, kama upande wa ndani wa mshipi wa ngozi, ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa, ni bandia. Ukiona kitambaa na juu yake unga unga wa kahawia umekamatana, ni yale mabaki yaliyosagwa. Kisha tia tone la maji mahali pasipoonekana: likinywewa na pakawa peusi, ngozi hiyo haina rangi ya juu, nayo yataka mkono mwepesi na maji machache. Wengine hujaribu kwa moto. Sisi twakataza, kwa maana reksini ya kale ya naitreti hushika moto kwa ghafula, na kiti si kitu cha kukiwashia kiberiti ndani ya nyumba.

Sasa tuseme habari za kazi yenyewe, kwa ngozi ya kweli yenye rangi ya juu. Kwanza ioshe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni laini na kukamuliwa, uifute, uiache ikauke. Kisha pangusa mahali penye mafuta ya mikono na ya nywele kwa spiriti kidogo, ukijaribu kwanza pembeni, maana spiriti huondoa rangi pia. Usiifanyie haraka sehemu hii, kwa kuwa rangi haishiki juu ya mafuta, na kazi nyingi zinazobambuka baada ya mwezi ziliharibikia hapa. Halafu piga msasa laini kabisa, si kwa nguvu, ila kulainisha kingo za nyufa. Wazee walitumia jani la msasa wenyewe, lakini kwa ngozi ni kali.

Penye mpasuko, penyeza kipande cha kitambaa imara chini ya ngozi, kipana kuliko tundu lenyewe, ukibandike kwa gundi inayopindika ikikauka. Gundi ya mbao haifai: hukauka ikawa ngumu kama kijiti, na ngozi hupasuka tena kandokando yake. Nyufa ndogo hujazwa kwa dawa ya kujazia ngozi, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likauke kabla ya jingine.

Rangi iwe ile iliyotengenezwa kwa ngozi. Ya viatu haifai, kwa kuwa haigandi; ami yetu na kanzu yake ni mashahidi wa yawapatayo wakaliao viti vyenye kupaka. Kahawia hupatikana kwa kuchanganya manjano, nyekundu na nyeusi, na nyeusi itiwe kwa ncha ya kijiti tu, maana tone moja likizidi huwezi kulirudisha. Mchanganyiko huo ujaribiwe mchana penye nuru ya jua, si mbele ya taa, tena uungoje ukauke ndipo uuamue, kwa sababu rangi nyingi za namna hii zikikauka huwa nzito kuliko zilivyokuwa mbichi. Ipakwe kwa sifongo, kwa kugusagusa, nyembamba mara tatu au nne. Ipakwayo nene mara moja hupasuka mtu akikaa. Mwisho hupakwa dawa ya juu isiyo na rangi, ambayo ndiyo ihifadhiyo nguo za wageni. Kiti kikauke kivulini penye upepo.

Ngozi ya bandia ya vinaili hutengenezwa karibu vivyo hivyo, kwa rangi yake yenyewe ya vinaili, maadamu haijawa ngumu. Kilainishi kilichomo hutoka kidogo kidogo kwa joto na miaka, na ikikwisha kukauka kama ganda hupasuka kila ikunjwapo, hata ukiiziba leo.

Ile ya poliyurethani inayobambuka magamba yataka ukweli mchungu. Unyevu wa hewa huivunja toka ndani, na katika miji ya pwani, yenye joto na unyevu mwaka mzima, huenda ikaanza kubambuka baada ya miaka michache tu, hasa pale kichwa kinapoegemea. Hapana rangi iwezayo kuiponya, kwa kuwa rangi hushika gamba, na gamba halishiki kitambaa. Twamjua mama mmoja mjane aliyeuziwa makochi kwa bei ya ngozi. Yalipoanza kubambuka, mtu mmoja akatwaa fedha zake akayapaka rangi nzuri, na kabla ya mwaka kuisha rangi na magamba vilikuwa sakafuni pamoja. Fedha ile ingalitosha kununua kitambaa kizuri cha kuvika viwili kati ya viti vyake. Fundi mwema humwambia mwenye mali hivyo kabla ya kupokea hata senti moja, ingawa kazi itampita.

Na kiti chetu? Kikalio hakikupona. Fundi alikinyunyizia unga wa chaki siku nyingi ili unywe mafuta, akaufagia, akanyunyiza tena, lakini mafuta yalikuwa yamefika hata kwenye manyoya ya ndani. Akakibandua, akakivika ngozi mpya. Mgongo akausafisha akautia rangi. Alipofika mikononi akasimama, akatuuliza, "Na hapa nipafunike?" Tukatazamana. Ndugu yetu mkubwa alitaka kiti kiwe cha rangi moja. Sisi wengine hatukutaka, na tuliteta hata fundi akaenda kusali akarudi. Mwishowe mkubwa akasema, "Basi, paacheni." Fundi akapasafisha, akapapaka dawa ya juu isiyo na rangi, na viganja vya baba vikabaki hapo vinaonekana.

Alituagiza kisikaliwe kwa siku tatu. Siku ya nne tulimwita ami, akaja na kanzu nyeupe, akakipapasa kwanza kwa leso yake, akaitazama leso, ndipo akakaa.